Msamaha Usio wa Rais

Mumbua mwanangu,

Umeenda mjini kusukwa nywele, na najua utakaa huko mpaka jioni, maana yule msusi wako husuka kwa mdomo zaidi ya vidole. Sijui unazisuka za nini na hali katika chuo cha magereza watakunyoa siku ya kwanza. Lakini sawa, pendeza hata kwa siku moja. Mimi nimepata mchana mzima wa kuandika bila wewe kuninyemelea nyuma ya kiti na kuuliza ninamwandikia nani.

Nakuandikia wewe. Sitasema lolote juu ya soksi, wala dawa ya minyoo, wala mahali pa kuficha sabuni. Hayo makuruta wenzako watakufundisha upesi kwa kukuibia. Barua hii ni juu ya mjomba wako Kioko. Ni juu yangu pia, na ni juu ya msamaha wa rais, jambo ambalo utaliona kwa macho yako kila sikukuu ya Jamhuri, mwezi wa Desemba, ukiwa umesimama langoni na buti zako mpya.

Wiki iliyopita tukila, ulisema ukicheka kwamba Jamhuri ikifika utawafungulia lango watu kama mjomba. Nami nikacheka. Katika nyumba hii tumemwita "rafiki ya rais" tangu ukiwa mdogo, na jina hilo nililianzisha mimi, kwa mdomo wangu huu. Ulipoinuka kwenda kuosha vyombo niliurudisha muthokoi wangu, yale mahindi ya kukoboa, sufuriani. Jina hilo tuliache leo, mimi na wewe.

Mjomba wako hakuiba, Mumbua. Naliweka hapa mwanzoni ili usilitafute kwenye kurasa za nyuma. Hakuiba mbuzi wala kamba ya mbuzi. Mimi dada yake, karani wa gereza, ndiye niliyemwambia asimame mbele ya hakimu aseme aliiba. Sasa nataka kumrudishia jina lake, na katika kulirudisha huenda nikapoteza kazi yangu na hata pensheni, nami nimebakisha miaka miwili tu nistaafu. Sikuombi ruhusa. Nakuambia kwa sababu unaingia katika kazi ileile, na huko habari hutembea upesi kuliko barua za ofisi. Sitaki uisikie kwenye foleni ya chakula kutoka kwa mtu anayeijua nusu.

Basi sikiliza.

Mjomba wako alikuwa dereva wa lori la Mzee Abdi, yule mfanyabiashara wa mifugo aliyekaa karibu na msikiti pale mjini. Kazi yake ilikuwa kupakia mbuzi na ng'ombe sokoni Mwala na kuwapeleka Athi River kuchinjwa. Alikuwa kijana wa kujipenda, shati limepigwa pasi hata siku ya kubeba mbuzi. Siku moja dalali mmoja alimsimamisha njiani na mbuzi sita, akamwambia ni wa Mzee Abdi, wapakie twende. Akapakia, dalali akapanda nyuma. Mbele kidogo polisi wakasimamisha lori, na pamoja nao alikuwa mwenye mbuzi mwenyewe, akawatambua kwa alama za masikio. Dalali aliruka akapotelea vichakani. Aliyekutwa ameshika usukani ni Kioko, na ndiye aliyetiwa pingu.

Akapelekwa rumande, katika gereza hilohilo nilimokuwa nikifanya kazi. Wewe utaikuta rumande ya siku hizi ambayo angalau ina magodoro. Ile ya wakati ule ilikuwa watu wamelala ubavu kwa ubavu juu ya sakafu, na mmoja akigeuka wote wanageuka. Tena mfungwa ana jambo moja ambalo mahabusu hana, ana tarehe ya kutoka. Mahabusu anaishi kwa kutajwa. Kesi inatajwa, inaahirishwa, shahidi hakuja, faili halionekani, hakimu yuko semina. Dhamana ilitaka hati ya shamba, na hati yetu ilikuwa bado kwa jina la babu yako aliyekufa zamani. Kwa miezi saba nilimwona ndugu yangu akipita mbele ya dirisha la ofisi yangu akipelekwa kortini na kurudishwa, kila mara shati limemzidi kidogo.

Hatukusalimiana. Pale kazini hakuna aliyejua kwamba ni ndugu yangu, kwa sababu mimi natumia jina la baba yako. Niliona hiyo ni akili.

Wakati huohuo susu yako, yaani mama yangu, alikuwa mgonjwa nyumbani Mwala. Wewe ulikuwa darasa la pili, utakumbuka labda ile harufu ya dawa chumbani kwake. Ugonjwa wa tumbo ulikuwa umemmaliza, na kila nikienda aliniuliza swali moja tu, Kioko anakuja lini.

Sasa mfikirie mama yako alivyokuwa. Nilikuwa karani hodari, na nikikuambia hivyo sijisifu, waulize waliokuwepo. Ofisi ya kumbukumbu ilikuwa ufalme wangu. Kila mwaka kabla ya Jamhuri amri ilikuwa ikija kutoka juu, tutengeneze orodha ya wafungwa wa makosa madogo waliobakisha muda mfupi. Walioua, waliobaka, walioiba kwa nguvu, hao hawamo. Wa pombe haramu ya chang'aa, wa kuzurura, wa mbuzi wachache wa jirani, hao wamo. Orodha hiyo niliiandika mimi. Ilikuwa ikipanda huko juu, inarudi imekubaliwa, na siku ya Jamhuri lango linafunguliwa, watu wanatoka wakilia na kumshukuru rais. Rais mwenyewe hajui hata sura zao. Aliyejua sura zao ni mimi.

Uwezo huo wa rais nilikuwa naujua kama ninavyozijua sufuria zangu, nawe utafundishwa, lakini acha nikuambie kwa maneno ya jikoni. Katiba inamruhusu kumsamehe mtu kabisa, kama vile hakuhukumiwa, au kumsamehe kwa masharti. Inamruhusu kuahirisha adhabu, kuipunguza, kumgeuzia mtu kitanzi kiwe kifungo cha maisha, au kufuta siku zilizobaki. Iko kamati ya kumshauri, naye anaweza kuisikiliza au kuiacha. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii mwenye mkono mrefu namna hiyo. Lakini mkono wenyewe una mahali unapoanzia. Mtu lazima awe ameshapatikana na hatia. Aliye rumande, ambaye kesi yake bado inaendelea, huyo ni wa hakimu, na rais hawezi kumgusa hata akitaka.

Mimi nikakaa na jambo hilo nikaligeuza huku na huku. Walioiba kweli walikuwa wakienda nyumbani kila Desemba, na ndugu yangu ambaye hakuiba alikuwa amekaa pale akingoja shahidi apate nauli. Ndipo nikapata wazo langu la busara. Kioko akikiri mwezi wa kumi na moja, hakimu atamhurumia kwa kuwa ni kosa la kwanza na hakusumbua korti. Atampa miezi michache. Ukitoa theluthi inayoondolewa kwa tabia njema, atakuwa amebakisha muda wa kuingia katika orodha ya Jamhuri. Kabla ya Krismasi atakuwa ameketi kando ya kitanda cha mama.

Nilimwendea nikijifanya namletea karatasi ya kutia kidole. Nikamweleza haraka haraka, kwa Kikamba, sauti ya chini.

"Dada, lakini sikuiba."

"Najua hukuiba," nikamwambia. "Ni maneno ya kortini tu hayo. Unayasema, unatoka, yenyewe yanabaki kortini."

Bado alikataa. Alisema anamjua yule dalali, atashikwa tu, na yeye mwenyewe anaweza kuvumilia. Ndipo nikatumia kitu ambacho najua hata leo nisingekitumia kwa mtu yeyote. Nikamwambia mama anakwisha, na akishazikwa ukweli wake atamweleza nani. Aliinamisha kichwa. Nikachukua hiyo kuwa ni ndiyo, nikarudi ofisini kwangu nikanywa chai.

Siku ya kesi alisomewa shtaka, akaulizwa, akajibu maneno mawili, "Ni kweli." Hakimu akampa miezi tisa. Mambo yote yalikwenda kama nilivyopanga. Sikughushi hata herufi moja, Mumbua, na kwa miaka mingi nilijifariji na hilo. Niliandika jina la ndugu yangu katika orodha mahali pake halali, kati ya mtu wa chang'aa na mtu wa kuku, wala sikumwambia mkubwa wangu kwamba huyu ni tumbo moja na mimi.

Jamhuri ikafika, Kioko akatoka. Tulichinja mbuzi Mwala. Wanawake wa kanisa la mama walikuja wakaimba, wakamshukuru Mungu na rais, kwa mpangilio huo. Susu yako alitolewa nje akalazwa juu ya mkeka juani, akamshika Kioko mkono mchana kutwa. Mimi nilikuwa nikizunguka na sinia la nyama, nimefunga leso mpya, nikijiona kwamba rais mwenyewe ni mimi. Nilijivuna, na sioni faida ya kukuficha. Mama alikufa siku ya nne baada ya sherehe ile, na hata katika kilio changu nilikuwa nikijiambia kwamba angalau nilimletea mwanawe.

Mwezi wa kwanza Mzee Abdi akaja nyumbani na paja la mbuzi na furaha tele. Dalali alikuwa ameshikwa katika soko lingine na mbuzi wengine, na katika kujieleza kwa polisi aliwaambia kwamba yule dereva wa lori hakujua lolote. Mzee Abdi alifikiri ameleta ufunguo. Nikamweleza kwamba Kioko alishatoka, amesamehewa. Aliweka kikombe chini akatikisa kichwa. Akasema wamemwacha kweli, lakini wamemwacha akiwa mwizi, na laiti tungesubiri wiki chache angetoka akiwa Kioko. Nilikasirika sana. Nilimwona mzee wa watu hajui sheria.

Nilikwenda masijala ya korti nikamwuliza karani mwenzangu kuhusu rufaa. Alinicheka, hakuwa mbaya, alicheka kama watu wa mafaili wanavyochekana. Aliyesema "ni kweli" hana rufaa juu ya hatia. Anaweza kulalamika tu kwamba kifungo ni kirefu, na kifungo chenyewe kilikuwa kimeshafutwa. Hayo nilikuwa nayajua, nimeyasoma mara ngapi. Sikuwa nimeyafikiria kwa ndugu yangu, ndiyo tofauti.

Mzee Abdi alikuwa ameshauza lori, kwa hiyo Kioko akatafuta kazi kwingine. Akapata, tena nzuri, udereva katika kiwanda kimoja Athi River. Wakamjaribu barabarani wakampenda. Kilichobaki kilikuwa cheti cha tabia njema. Akapeleka vidole vyake vikapakwa wino, na karatasi iliporudi ilikuwa na mstari mmoja wa mbuzi sita. Kiwanda kikamshukuru na kumwonyesha mlango.

Nilipanda hadi Nairobi mwenyewe na nakala ya orodha ya Jamhuri, jina lake nimelipigia mstari. Nikampata afisa mmoja mtu mzima, mpole, akanipa kiti. Nikamwambia huyu mtu alisamehewa na rais wa nchi, nyinyi ni nani mnaoendelea kumshtaki kwa karatasi? Akasoma orodha yangu polepole mpaka mwisho.

"Mama," akaniambia, "rais alifuta siku zilizobaki. Hatia hakuigusa."

Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii. Wale utakaowafungulia lango watadhani wameoshwa. Watakuuliza, afande, kwa hiyo sasa mimi niko huru kabisa? Utakuwa na haraka, kutakuwa na bendi na wakubwa, na itakuwa rahisi kusema ndiyo, nenda. Nakuomba uwaambie ukweli hata kama utawaharibia dakika moja ya furaha. Mimi niliwaambia ndiyo, nenda, watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Lakini mama yako hajui kushindwa, unamjua. Nikasema, kama msamaha mdogo haukutosha, nitatafuta ule mkubwa, msamaha kamili unaofuta hatia yenyewe. Uwezo huo rais anao. Nikaketi nikaandika ombi zuri kuliko yote niliyowahi kuandika, ukurasa wa kwanza mpaka wa tatu bila kosa. Maombi ya namna hiyo yana desturi yake. Mwombaji hutaja kosa lake, husema analijutia, huahidi kutolirudia, kisha ndipo huomba. Nikaandika yote kwa niaba ya ndugu yangu, nikaenda nayo Katangi. Wakati huo alikuwa ameshahamia huko, ameanza ile kazi yake ya kuunda mikokoteni ya punda.

Aliisoma akiwa amesimama. Akarudi nyuma kwenye ukurasa wa pili, akaweka kidole chenye grisi juu ya karatasi yangu safi.

"Hapa umeandika ninajutia," akasema. "Ninajutia nini?"

Nikamweleza kwamba ndivyo inavyoandikwa. Rehema ni ya mkosaji, huwezi kuiomba huku ukisema hukukosa. Ukisema hukukosa wanakurudisha kortini, na kortini umeshajifungia mwenyewe. Nilimweleza vizuri, kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza wafungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Rais sijamkosea," akasema. "Na yeye hajanikosea. Wewe unanizungusha kwa watu wakubwa ndiyo usiniangalie."

Akanirudishia karatasi akaendelea na gurudumu lake. Nikapanda gari nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikawaambia wote walionisikiliza kwamba Kioko ni mtu wa kiburi, hajui kushukuru. Na ndipo nikaanza utani ule wa rais, kumlipizia. Ulikuwa mdogo ukaupenda, ukaushika. Tangu siku ile yeye hutujia kwenye mazishi tu. Anasalimia, anakula alichopewa, anaondoka kabla ya hotuba. Uliwahi kuniuliza kwa nini mjomba halali kwetu, nikakuambia hapendi kitanda cha watu. Huo nao ulikuwa uongo.

Mwanangu, mimi nimekosa mambo mengi na mengi nimeyasahau bila taabu. Hili lilinikaa kwa sababu sikuliita kosa. Alitoka gerezani, mama alimwona, basi mimi nilifanya vizuri, na mtu aliyefanyiwa vizuri anapaswa kunyamaza. Ukiwa na madaraka hata ya kalamu tu, utajikuta unafikiri hivyo. Utaona mtu yuko kwenye shida na wewe unajua njia ya panya, na itakuwa njia kweli, haitakuwa ndoto. Ukimkuta ndugu yako rumande, mtafutie wakili, mtafutie mdhamini, mpelekee shati safi, ulie naye. Maneno ya kusema mwachie ayatafute mwenyewe.

Sasa nifike Jumapili iliyopita. Nilikuambia nina mkutano wa chama. Nilikwenda Katangi.

Nilimkuta akikaza mhimili wa mkokoteni. Hakushangaa kuniona, au hakutaka nione. Akanipa kibao cha kukalia. Njia nzima nilikuwa nimepanga hotuba, unanijua, ina mwanzo na kati na mwisho, lakini nilipokaa ilitoka sentensi moja tu. Nilimwambia, "Kioko, nilikukosea." Miaka yote ile sikuwa nimelisema. Nilikuwa nimesema hakimu, nimesema dalali, nimesema sheria, nimesema bahati.

Alimalizia kukaza mhimili wake. Kisha akaniuliza kama naikumbuka siku ya Jamhuri, pale nilipoingia jikoni kutazama nyama na wanawake wa kanisa wakaja kunisaidia. Nikasema naikumbuka. Akasema mama alimwita ainame. Akamshika sikio, kama alivyokuwa akitushika tukiwa watoto, akamwambia, "Mwanangu, rais amekusamehe, na mimi nimekusamehe. Usirudie tena."

Nikamwuliza alimjibu nini.

"Ningemjibu nini?" akasema. "Nilimwambia sitarudia, mama."

Uelewe vizuri, Mumbua. Mimi ndiye niliyemkataza asimwambie mama ukweli. Nilihofu mama atawaambia wanawake wa kanisa, na wao watayafikisha kwa mke wa askari fulani, na siri ya orodha yangu itajulikana kazini. Nilimwambia Kioko akae kimya mpaka mambo yatulie, nami nitamweleza mama mwenyewe. Mama hakungoja mambo yatulie. Alikwenda kaburini akijua kwamba alizaa mwizi na kwamba alimsamehe, na mjomba wako alikuwa na siku nne za kumwambia sivyo, akazitumia kunilinda mimi.

Nililia pale kwenye vumbi la chuma, mtu mzima mimi, mpaka mteja mmoja aliyeleta punda wake akageuza akaenda kungoja mbali. Sijawahi kujisikia mdogo namna ile. Kioko hakunibembeleza wala hakunifukuza. Alipoona nimemaliza akaniletea maji.

Kisha tukaongea kama watu wazima. Nilimwambia nimeonana na wakili. Mahakama kuu inaweza kuliitisha faili la korti ya chini na kulitazama upya, hata la zamani, na maelezo ya yule dalali bado yako polisi. Kinachotakiwa ni kiapo changu, nieleze kwamba mshtakiwa alikiri kwa kushawishiwa na karani wa gereza, na karani huyo ni mimi. Wakili hakunidanganya, alisema miaka imepita mingi na wanaweza kukataa. Nimemwambia apeleke wiki ijayo. Kiapo nimeshakitia sahihi, na Jumatatu nitampelekea mkubwa wangu nakala yake kwa mkono, aisome mbele yangu. Wakinifukuza nitarudi Mwala nilime, mikono ninayo. Usilale macho kwa ajili yangu, na mtu akikuuliza kama wewe ni binti wa yule karani, mwambie ndiyo kwa sauti.

Nilimwuliza Kioko kama hayo yanatosha. Katiba inasema rais anaweza kusamehe kwa masharti, na mjomba wako naye akatoa sharti lake.

"Ya mahakama peleka," akasema. "Lakini kwanza isomwe nyumbani. Kwa Kikamba. Mbele ya wale walikula ile mbuzi."

Hakusema kwamba nikishaisoma atanisamehe. Sikumwuliza. Miaka yote nimekuwa mtu wa kujua nani anatoka na siku gani, na safari hii sijui, na ni sawa nisijue. Uwezo huo hauko Nairobi wala katika ofisi yangu. Uko Katangi, na mwenyewe atautumia akipenda.

Kwa hiyo kesho nikishakupandisha gari sitarudi kazini. Nimeomba ruhusa. Nitakwenda Mwala nizunguke nyumba kwa nyumba niwaalike, wanawake wa kanisa waliobaki, majirani, wazee wa ukoo, hata wale ambao sasa wanatembelea fimbo. Wengi watadhani ni sherehe yako ya kuingia kazini, na nitawaacha wafikiri hivyo ili waje. Nitapika. Wakishashiba nitasimama.

Karatasi yenyewe nimeiandika mara tatu. Mara ya kwanza ilianza na ugonjwa wa mama, nikaichana. Mara ya pili ilianza na rumande ilivyokuwa, nikaichana nayo, maana nilikuwa bado nawaomba wanielewe kabla sijawaambia. Hii ya tatu inaanza na maneno matatu tu, yale ambayo mama yangu alipaswa kuyasikia kutoka kwangu akiwa amelala juu ya mkeka ule na mkono wa mwanawe umo mkononi mwake. Nimeyasema hapa peke yangu, kwa sauti, mpaka kuku wakaja mlangoni. Jumamosi saa nane, popote watakapokuwa wamekupanga, simama kidogo ujue kwamba mama yako anayasema mbele ya watu: Kioko ti king'ei. Kioko si mwizi.

Mimi mama yako,
Ndunge